Potansi Uliyoniachia, Madi

Madi, hirimu yangu,

Kati ya Mahajanga na Nosy Be, na ukipenda ongeza na Ngazija yote, hakuna usukani niliofunga mimi ukateleza. Muulize umtakaye. Nimefunga usukani wa mapadri, wa askari, wa wachuuzi wa samaki wa Antsanitia wanaopakia jodari mbele mpaka uma unalia, na hakuna hata mmoja uliomgeuka mwenye baiskeli.

Basi, nimeshaandika, na wino haujakauka tayari nasikia kicheko chako, kile cha puani. Haya. Uliteleza mmoja. Mmoja tu, Madi, na aliyekuwa juu yake ni wewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja, kile tulichorudi nacho kutoka duka la Muhindi wetu wa baiskeli, pamoja na spana mbili na upele. Nina sababu. Hapa Mahajanga, mtaani Tsaramandroso, barua ya Kifaransa husomwa na karani, ya Kimalagasi husomwa na mtaa mzima, ya Kingazija ataisoma mke wangu. Kiswahili kimebaki maneno ya msikitini na ya bandarini. Wazee wanaokijua chote tulikuwa tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wewe umekata kidole. Kwa hiyo humu tuko wawili tu. Herufi zikienda kombo usinicheke, unajua niliacha chuo kwenye juzuu ya tatu, tena kwa ajili yako, maana gundi kwenye makubadhi ya mwalimu uliitia wewe na bakora nilikula mimi.

Hilo la gundi liweke karibu. Nitalirudia.

Nina jambo la kukuuliza, na nakuuliza kwa kukushuku. Mapenzi yatafuata baadaye kama utajisafisha.

Ulipofariki habari ilinifikia Ijumaa, khitima imeshasomwa na wali umeshaliwa. Walisema kifua. Walisema siku nne, mvua kubwa, kifua, basi. Nilikaa kwenye kile kibao changu cha kufanyia kazi, mbele yangu gurudumu la mtu likiwa limetolewa spoki zote, nikawa nalizungusha tu. Mwenye gurudumu akaja, akaniangalia, akaondoka bila kuniuliza. Sikulia. Nilijiambia: hirimu yangu amekufa akiamini mimi ndiye niliyemvunja bega. Na hilo, Madi, lilikuwa zito kuliko kufa kwako. Nisamehe, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Unakumbuka ulivyoniita huko kwako Nosy Be mwaka ule wa uhuru. Mzungu wa kiwanda cha sukari amerudi kwao, ameacha bandani baiskeli ya mbio ya kabla ya vita, kuku wanailalia. Fremu nyembamba kama mwiko, usukani wa pembe za kondoo zilizojikunja chini. Kila kitu kipo ila shingo, kile chuma kinachoshika usukani na kuingia katika bomba la uma. Na kwenye sherehe, ulisema, kutakuwa na mbio za wazee, kutoka kiwandani mpaka mjini Helivili, atakayeingia lazima awe na ndevu nyeupe. "Njoo na shingo, Athumani," ndivyo ulivyoniletea salamu, "yangu imekatika." Aliyenifikishia salamu alidhani umechinjwa.

Nikaja. Nilichukua ile shingo ya Kiingereza niliyotoka nayo Unguja, niliyoihifadhi ndani ya soksi miaka yote hiyo. Na hapo ndipo tulipojua ujinga wa wakubwa. Mwingereza na Mfaransa walikaa meza moja wakagawana bara zima bila kubakisha kisiwa, lakini unene wa bomba la baiskeli uliwashinda kukubaliana. Shingo ya Mwingereza ni nene kwa tundu la Mfaransa. Si sana. Unene wa ukucha wa mtoto. Lakini ukucha huo ulitugharimu siku mbili za msasa, wewe umeshika, mimi nazungusha, wewe unaimba vibaya, mpaka ikaingia kwa mafuta ya nazi na mate.

Tukashangilia mapema. Maana chini ilikuwa nene na juu ikawa pana. Mdomo wa shingo, pale unapoumeza usukani, ulikuwa mpana kwa ule usukani wa Kifaransa. Tukabana nati mpaka ikalia, na bado usukani ukawa unainama na kuinuka taratibu, kama mzee anayeitikia hotuba ya harusi asiyoisikiliza.

Dawa yake tunaijua: lile bati jembamba la kuzungushia usukani ndani ya mdomo, ambalo mimi na wewe tangu Unguja tuliliita hirizi, kwa kuwa hulioni na maisha yako yote umelitegemea. Nikakata kopo la dagaa. Tabaka mbili, duara kamili, na upande wa ndani nikaukwaruza kwa tupa ili uume. Ukashika. Nikasimama mbele, nikabana gurudumu kwa mapaja, nikauning'inia usukani ule kwa uzito wangu wote, na wakati ule nilikuwa na kitambi. Haukwenda popote.

Lakini wewe hukufurahi. Kopo lilikuwa na picha ya samaki, na mkia wake mwekundu ulichungulia pembeni mwa mdomo wa shingo, kama kuku akichungulia mfukoni mwa mwizi. Ulizunguka baiskeli ile mara tatu. Ukasema: "Baiskeli ya uhuru haivai bati la dagaa." Nikakwambia hirizi haivaliwi ionekane. Ukasema, "Hii inaonekana." Nikakwambia utakuwa unakwenda mbio mno kwa mtu kuona mkia wa samaki. Ukanyamaza. Na mimi nikadhani nimekushinda. Madi kunyamaza! Nilipaswa kuogopa.

Asubuhi ya mbio tuliamshwa na shemeji, mkeo. Mwanamke yule Mungu amempa sauti ya kuita jahazi lililokwisha ondoka. Wageni wamekuja kunywa kahawa, analeta sinia lake la shaba, lile la maua lililotoka kwa bibi yake, na pembe moja ya sinia haipo. Imekatwa, safi, kwa mkasi wa bati. Akauliza nani. Mkasi wa bati nyumbani humo ulikuwa mmoja, na ulikuwa wangu, na ulikuwa kwenye mkeka wangu. Akaniangalia mpaka kahawa ikapoa. "Mgeni siku ya tatu mpe jembe," alisema, "mimi wangu nimempa sinia." Nikakutazama wewe unitetee. Wewe ulikuwa unatazama mawingu. Ukasema mvua haitanyesha.

Nilimshuku jirani. Nilimshuku mpishi. Nilimshuku hata shemeji mwenyewe, nikasema labda ameliuza kipande. Wewe sikukushuku, na hiyo ndiyo adhabu ya kumpenda mtu.

Ukatoka na baiskeli. Ulikuwa umeifunga utepe wa rangi za bendera, mweupe, mwekundu, kijani, shada kubwa kama la bibi harusi, pale pale penye mdomo wa shingo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nawachekesha kwa habari ya ile kaptura yako. Nikaliona shada, nikasema limependeza, mkia wa samaki umestiriwa. Sikuligusa. Nisingeweza kulifungua shada la watu, bwana, mbele ya watu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ulikuwa karibu zaidi na ardhi. Mteremko wa shamba la milangilangi, wewe mbele, Bezara wa kiwandani nyuma yako, ndevu zako zimegawanyika mabegani, na watu waliosimama pale wananiambia ulikuwa umetabasamu. Ukazilalia zile pembe ili uende zaidi. Pembe zikainama. Kondoo akashusha kichwa na mchungaji akamfuata mtaroni.

Bezara ndiye aliyesimama. Angeweza kupita na kushinda, mtu wa tatu akapita na kushinda. Yeye alishuka, akakutoa kwenye matope, akakubeba mgongoni na lile bega lako likining'inia. Na mimi nilipofika, nikihema, macho yote ya Helivili yakanigeukia mimi fundi, unajua nilichosema? Unajua. Ulikuwepo, macho wazi. Nilisema: "Nati imelegezwa. Nani alikuwa nyuma yake?"

Ilitoka tu, Madi. Nilisema ili macho yatoke juu yangu. Yakatoka. Yakaenda kwa Bezara, na mpaka leo hayajarudi. Mpaka leo wanamwita Bezara Spana. Nasikia kahawani akikaa, baiskeli zilizoegemezwa karibu naye huondolewa, eti kwa utani. Mzee wa Kisakalava, mjukuu juu ya mjukuu, hakuwahi kushika spana maishani mwake.

Na wewe hukumtetea. Ulisema, "Mwachie Mungu." Mimi nikasikia: Athumani, najua ni bati lako, nakuachia Mungu. Nikataka kuifungua baiskeli niangalie, ukaninyima. "Usiiguse," ulisema, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwako. Ukaamuru itundikwe ukutani na shada lake na matope yake. Nikajua basi, hata kuigusa sifai. Siku ya tatu nikapanda chombo, shemeji hakunipa mkono.

Miaka mitatu. Kila salamu yako niliipima kama dhahabu bandia. Ulinitumia chupa ya mafuta ya langilangi, nikasema haya ni ya kupakia maiti, ananitakia nini huyu. Ulinitumia vanila, nikamnusisha kwanza mbuzi. Uliniletea neno kwamba bega halinyooki lakini mkono wa kulia kwa kula unatosha, na mimi nikasikia: umeninyima mmoja. Nilikuwa nikija mpaka bandarini, nauliza chombo cha Nosy Be kinaondoka lini, naambiwa, narudi nyumbani.

Sasa sikiliza wasia wako ulivyonitenda.

Shemeji alimwandikisha barua mwalimu mmoja wa huko, kwa Kifaransa, na mimi hapa msomaji wangu ni karani wa mahakama, kijana mstaarabu, hana baiskeli, anatembea na mwavuli hata kiangazi. Akasoma salamu, akasoma kifua, akasoma mvua. Kisha akakohoa. Akasoma tena kimoyomoyo. Akaniangalia kwa jicho jipya.

"Mzee Athumani, ulimfanyia nini marehemu?"

"Kwa nini?"

"Anasema hapa: Athumani apewe potansi yake. Ataelewa mwenyewe."

Nikamuuliza potansi ni kitu gani. Akakunja barua vizuri, akasema pole pole, kama mtu anayeweka yai: "Ni ule mti wa kunyongea watu."

Madi! Mti wa kunyongea! Na si mti tu, mti wangu, nilioupata kwa kustahili, na nitaelewa mwenyewe! Karani alisogeza kiti. Toka siku ile ananisalimu kwa mbali, mwavuli katikati yetu.

Nilianza kuishi kama mtu aliyehukumiwa. Kamba ya nguo uani niliishusha nikasema imeoza. Mke wangu alipoanika kanga juu ya mlango nilizunguka nyuma ya nyumba. Nilimshuku shemeji kwamba ameyatunga. Nilimshuku mwalimu. Nilimshuku Bezara kwamba alikaa kitandani kwako siku zile nne akakumwagia yote. Nilikushuku wewe zaidi. Nilisema: alinyamaza miaka mitatu akingoja afe, maana marehemu hajibiwi. Ujanja wako wote huo, nilisema, huyu ndiye Madi wa gundi.

Nikaenda msikitini kwa fundi wetu. Kwetu anayesomesha dini ni fundi na anayetengeneza baiskeli ni fundi, basi tukakaa mafundi wawili chini ya kizingiti. Nikamuuliza: mtu anaweza kumwachia mwenziwe kitanzi kwa wasia? Akafikiri sana, unamjua, haharakishi. Akasema, "Wasia hauzidi thuluthi ya mali." Nikamuuliza thuluthi ya kitanzi ni kiasi gani. Akasema, "Inategemea shingo." Akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba alikuwa karibu na ukweli kuliko karani, na wala yeye mwenyewe hakujua.

Gunia lilikuja wiki iliyofuata. Limevuka bahari mpaka Antsahampano, limepanda lori, dereva amelikalia njia nzima na kulalamika linamchoma. Dogo, zito, limeshonwa kwa mishono ya mkeo, mishono ya hasira, miwili palipotosha mmoja. Nililiweka uani. Nililizunguka. Nikalisukuma kwa mguu, likalia chuma. Nikasema, wamenitumia pingu. Siku mbili nzima likakaa pale, kuku wakilinywea maji ya mvua, mpaka mke wangu akachukua kisu akalipasua huku akinitukana.

Ilikuwa shingo. Shingo yangu ya Unguja, imeviringishwa utepe wa bendera uliofifia. Basi. Hakuna kitu kingine.

Nikaichukua mpaka kwa yule Karana, Muhindi wa vipuri karibu na soko, si kwa kuuza, kwa kutaka mtu aitazame pamoja nami, nilikuwa naogopa kuwa nayo peke yangu. Akaigeuza, akapuliza vumbi, akasema: "Mzee, potansi ya Kiingereza hii. Hapa haina mwenzake."

Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Akafikiri nimeziba masikio. "Potansi," akapiga kelele duka zima, "potansi! Inayoshika usukani!"

Miaka arobaini nanunua vipuri katika nchi hii kwa kunyoosha kidole, Madi. Usukani kwa Kifaransa naujua, pedali naijua, breki najua. Shingo sikuwahi kuiuliza jina, maana shingo huwa haiharibiki. Na karani maskini amejifunza Kifaransa cha mahakama, hakuna aliyemwambia kwamba Mfaransa kitu cha kushika usukani na kitu cha kushika mtu ameviita jina moja. Wewe ulisema "shingo" kwa lugha ya nyumbani, mwalimu akaifikisha Ufaransa, karani akairudisha imebeba kamba.

Nikacheka pale dukani mpaka Karana akaniletea maji. Halafu nikaacha kucheka. Maana kushuku kwangu hakukwisha, kuligeuka upande tu. Kwa nini shingo? Mtu anakufa kwa kifua, ana siku nne, ana mke na nyumba na sinia lenye pembe tatu, na neno analolishughulikia ni chuma kilichokatazwa kuguswa. Na "ataelewa mwenyewe." Nielewe nini?

Nikarudi kibaoni pangu. Mdomo wa shingo ulikuwa umebanwa, nati ina kutu. Ulizitoa pembe za usukani kisha ukaibana tena tupu, na ndani umeacha hirizi. Nikatia mafuta, nikangoja, nikatia spana. Nilikuwa naujua mkia mwekundu nitakaouona. Nilikuwa tayari kuuona. Nilikuwa nimeshaandaa hata toba yake.

Kikaanguka kipande cha shaba.

Kimekatwa kwa mkasi wa bati. Upande mmoja kina nusu ya ua la komamanga. Hakikuzunguka duara, kilifika nusu, kwa sababu pembe ya sinia haina urefu. Na Madi, ee Madi, ulikuwa umekisugua kwa ndimu na jivu. Pande zote mbili! Kinang'aa kama meno ya dhahabu. Fundi wa miaka arobaini ameweka hirizi iliyong'arishwa ndani ya mdomo wa shingo, ili iteleze vizuri. Na imeteleza: mikwaruzo ipo, yote kuelekea upande mmoja, upande wa mtaroni.

Usidhani nilikuamini hapo hapo. Mimi? Nilikaa nacho mkononi nikasema: ujanja. Huyu amekitia baadaye, kunipumzisha moyo, mikwaruzo amechora kwa msumari, nakujua unaweza. Nikawa karibu kukupenda kwa kosa ambalo hukulifanya. Lakini nikakumbuka sauti ya shemeji. Sinia lilipatikana limekatwa asubuhi, wageni wakiwa mkekani, kabla hujapanda. Na kukata shaba ile kunataka mikono miwili, nawe tangu mtaroni ulikuwa na mmoja. Hapo ndipo nilipokuona unatazama mawingu.

Wewe! Wewe ndiye uliyetoa bati langu la dagaa lililonibeba mimi na kitambi changu, ukatia pambo! Kisha ukafunika kwa shada. Kisha ukanyamaza, mimi nikabeba bega lako miaka mitatu, Bezara akabeba jina la spana, na hata sinia nikabeba mimi. Makubadhi ya mwalimu, Madi. Yale yale. Gundi wewe, bakora mimi. Nilikutukana pale kibaoni kwa matusi ambayo hata Unguja yamesahaulika. Nikatukana mpaka sauti ikakatika, na ilipokatika ndipo nililia, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Nililia kama mjinga, kipande cha sinia mkononi. Kwa kuwa hukufa ukiniamini mwovu. Ulikufa ukiona haya, na haya ni jamaa yangu, tunaishi nyumba moja.

"Mwachie Mungu." Kumbe ulikuwa unajisemea. Na "usiiguse" kumbe ilikuwa ya mtu aliyeficha. Mdomo wako ukashindwa kusema, ukasema kwa mdomo wa shingo.

Lakini sitakuacha uondoke na kosa zima, utajivuna huko. Fundi hushika usukani kabla ya mpandaji kupanda. Hubana gurudumu kwa mapaja, hupinda, huning'inia. Ningefanya hivyo asubuhi ile, shaba yako ingeteleza mikononi mwangu, tukacheka, tukarudisha dagaa. Sikufanya. Nilikuwa naicheka kaptura yako. Basi tugawane: nusu ua lako, nusu ua langu. Bezara hana hata jani. Yeye alishuka kwenye baiskeli akabeba mtu, na sisi mafundi wawili tukamwachia uchafu wetu.

Habari nyingine nikupe upesi. Lile jino la mbele ulilolicheka limetoka, nimelizika uani bila khitima. Watu sasa wanataka zile baiskeli zenye injini, wanakuja kwangu nizisikilize zinakohoa nini, nawaambia mimi si daktari. Ofisini picha zimebadilishwa, foleni ni ile ile. Karani nimemweleza maana ya pili ya potansi. Ameiandika katika daftari lake na ameomba radhi, lakini mwavuli bado yuko nao.

Nakuja Nosy Be mwezi ukiandama. Nimekwisha kula dagaa, kopo liko tayari, nimelichagua lenye mkia mkubwa. Nitaishusha baiskeli yako ukutani, nitaifunga shingo hii, hirizi duara kamili, na mkia mwekundu nitautoa nje waziwazi, dole gumba zima, Helivili yote iuone. Nitauning'inia usukani mbele ya watu. Kitambi kimepungua lakini dhambi zimeongeza uzito, itatosha. Kisha nitasema pale kahawani, kwa sauti, kwa Kisakalava changu kibovu, kwamba nati haikulegezwa na mtu, na kwamba mimi ndiye niliyesema uongo. Nitamwomba Bezara radhi, na akipenda aipande yeye kwanza. Akinitia kofi nitalipokea, nalo tutagawana.

Barua hii nitaikunja nyembamba niitie ndani ya bomba la uma, chini ya shingo, niibane humo. Ukitaka kuisoma, spana unajua zilipo. Kaburini nitapita kwa Fatiha, na nitakushika bega, lile zima.

Lala salama, hirimu yangu, mtu wa mashada.

Limebaki dogo moja, na hili nakuwia. Bezara ataniamini, watu wataniamini, lakini mkeo hataniamini. Nikimwonyesha nusu ua atasema nimelitoa mfukoni mwangu. Nimekufichia mambo yako tangu makubadhi ya mwalimu, sijakudai hata moja. Nalidai hili. Kabla sijafika, mtokee shemeji ndotoni, mara moja tu, usikae sana, umwambie sinia lake lilikatwa na nani. Na wakati unamwambia, Madi, usitazame mawingu.

Athumani